Karatasi Inayosema Huna Kwenu

Kulwa wangu, uliyetangulia kutoka tumboni mwangu na ukatangulia kutoka nyumbani kwangu,

Kama unasoma asubuhi, mwangaluka. Kama ni mchana, mwadila. Ukishaitikia kaa chini, maana leo mama yako hana maneno mafupi.

Bahasha yako ilifika kwa basi kutoka Kahama. Nilipopigiwa simu nikaichukue nilioga, nikavaa kile kitenge ulichoniletea, cha maua ya rangi ya dhahabu, nikatembea kwa miguu mpaka Ushirombo mjini ili nionwe na wengi. Nilidhani ni picha za wajukuu. Nikawaambia wale wa ofisi ya basi, "Hii imetoka kwa mwanangu, mhandisi, yuko nchi ya nje." Wakasema, "Hongera mama." Nikaifungua palepale, mbele yao, kwa kujidai.

Ilikuwa karatasi moja tu, imechapwa vizuri. Ilisema kwamba mimi, mama mzazi, nathibitisha kuwa Kulwa hana makazi ya kudumu katika kijiji hiki. Hana nyumba, hana chumba, hana mali, na akija huja kama mgeni. Chini kuna mstari wa sahihi yangu na nafasi ya muhuri wa mtendaji wa kijiji. Juu ulibandika kikaratasi cha njano: "Mayu, saini tu, ni mambo ya kodi. Nitakupigia."

Niliikunja nikarudi kwa bodaboda, sikutaka tena kuonwa na mtu. Leo ni siku ya tisa karatasi iko kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni. Kila nikifungua kabati naiona pembe yake imechungulia. Nimeanza kulia chakula kwenye sufuria.

Naiandika barua hii ya wazi kwa sababu kumbe siko peke yangu. Jumapili baada ya misa Mama Masanja alinivuta pembeni ya kanisa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe umeletewa?" Mtoto wake anachomelea mabomba huko mlikoenda. Wakaja wengine wawili, mmoja binti yake ni daktari, mwingine wake anaendesha yale magari makubwa kama nyumba. Tukasimama wanne, kila mmoja ana karatasi yake nyumbani, hakuna aliyetaka kuanza. Mwisho Mama Masanja akasema, "Wewe ndiye una maneno, Mama Kulwa. Na mwandiko wako unasomeka. Andika." Basi, ni kweli, mwandiko wangu unasomeka. Darasa la saba la enzi zile si mchezo.

Sasa nianze na wewe mwenyewe, maana naona umejisahau.

Mlizaliwa wawili, wewe na dada yako Doto, kwenye zahanati yetu hii hii. Ulitoka wewe kwanza, unalia kama umekuta watu wamekalia kiti chako. Doto alikwama. Mkunga alihangaika naye mpaka jasho likamdondoka puani, na dawa ya sindano aliyonichoma hakuniuliza nina nini mfukoni. Nilikuwa sina kitu. Mimi na marehemu baba yenu tulikuwa tumehama Kishapu msimu uliopita, kwa ukame, na majembe mawili na ng'ombe wanne. Tulipohama tulihama na kila kitu, Kulwa, hata jiwe la kusagia nililibeba. Tulipofika tukawa watu wa hapa. Msiba wa hapa ukawa wetu, barabara ya hapa tukailima wenyewe. Sikuambii hivi kukusema kwa kuhama. Sisi Wasukuma ni watu wa kuhama, nani asiyejua. Nakuambia ujue tulihama namna gani.

Baba yako alipokwenda kuchimba Geita ulimfuata likizo zote. Alikufundisha kugonga mwamba kwa nyundo na kusikiliza. Mwamba mzima unajibu kwa sauti moja, mwamba mgonjwa unajibu kwa sauti mbili. Siku ile kwenye duara, shimo la dhahabu la rafiki yake, mkiwa mmekaa chini wote mnakula mihogo, ukagonga ukasema, "Baba, hapa pana sauti mbili." Wachimbaji wakakucheka. "Hebu mtoeni profesa nje apunge upepo!" Baba yako hakucheka, akawatoa wote. Mpaka jioni kipande cha dari kilikuwa kimelala palepale mlipokuwa mmeweka sufuria, na matimba, zile nguzo za kushikilia dari, yamevunjika kama njiti. Tangu siku hiyo wakaanza kukuamkia wao wakubwa. Mimi niliitangaza habari hiyo mpaka Runzewe. Ninaitangaza mpaka leo.

Ukasoma. Ukawa mhandisi wa miamba, yule anayewaambia wenzake hapa pitieni, hapa msipitie. Kijiji kizima hakina mwingine. Kata nzima! Ada ya shule niliipata kwenye mchele wangu, lakini chuo, tuseme ukweli, ni serikali iliyolipa kile ambacho mimi nisingelipa hata ningeuza na kitanda.

Unakumbuka nilivyokusindikiza chuoni? Ulikataa, nikasema lazima niuone huo mlango kwa macho yangu. Pale stendi ya Kahama wapiga debe wawili walitugombea mpaka mmoja akashika begi na mwingine akakushika wewe.

"Mama njoo huku, mwanafunzi nampunguzia!"

"Huku mama! Napunguza kuliko yeye, na mzigo bure!"

"Bi mkubwa, usimsikilize huyo, basi lake linakohoa. Wewe sema unataka kulipa ngapi."

Nilisimama katikati kama bibi harusi. Waliposhushana mpaka wakachoka, tukapanda kwa karibu bure, na mimi nikaingia nacheka. Kiti cha mbele yetu alikaa mama mmoja wa makamo aliyekuwa amepanda njiani, huko kijijini ambako basi ni hilo hilo moja. Akageuka akaniuliza tumelipa ngapi. Nikamwambia kwa majivuno. Akasema, "Basi ni sisi tuliopanda njiani ndio tumewalipia." Wewe uliinama ukacheka chinichini. Tulipopita Tinde tairi likapasuka, na la akiba halikuwepo. Abiria wakamwakia kondakta, naye akawajibu huku anafuta jasho, "Hela ya tairi imeishia stendi, wazee. Nyinyi si ndio mlitaka kupunguziwa?" Tulikaa juani mpaka saa tisa. Tulikula matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukaushwa, tukawagawia na wengine. Ile siku niliona ni kichekesho tu.

Ulipoajiriwa mgodini ukaja nyumbani na karatasi ya mshahara wa kwanza. Ilikuwa mchana, tuko mezani wote wanne. Ukaiweka katikati, ukaweka kidole kwenye mstari wa makato.

"Tazameni. Hapa kuna mtu anakula na mimi kila mwezi na simjui."

Doto alikuwa ndio kwanza ameanza unesi pale zahanati. Akavuta ile karatasi akaisoma, akasema, "Unamjua sana. Ni mimi. Ulidhani mshahara wa nesi unashuka kutoka mbinguni?"

"Basi kula taratibu, Doto, utanimaliza."

Baba yako alicheka mpaka akapaliwa, ukampiga mgongoni. Nikaona nimebarikiwa kuliko wanawake wote wa Bukombe: mmoja anashikilia dari isiwaangukie watu, mwingine anapokea watoto, na wa kwanza anamlisha wa pili bila hata kumtumia hela. Sikulielewa hivyo siku ile. Nimelielewa juzi.

Kisha ikaanza habari ya nchi za watu. Sitazitaja, barua ni ya wazi na kila nchi ina heshima yake. Siku hizi mtu mwenye ujuzi anavuka mpaka kufanya kazi kama anavyovuka barabara. Ya kwanza ikatangaza kwamba mtaalamu anayehamia kwao anakatwa kodi ya mshahara kidogo sana. Ukaenda. Nilikupigia vigelegele. Mwaka haujapinduka, nchi ya pili ikasema sisi tutawakata kidogo zaidi. Ukahamia ya pili. Ile ya kwanza ikashtuka, ikashusha tena. Ukanipigia simu unacheka:

"Mayu, wanatugombea kama wale wapiga debe wa Kahama!"

"Wagombee, mwanangu! Wakuvute mpaka shati lichanike!"

Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Nikatoka nje nikawasimulia majirani kwamba nchi mbili zinamgombea mtoto wa Mama Kulwa. Lakini nilipokuwa napepeta mchele jioni ile, sijui kwa nini, nikamkumbuka yule mama aliyepanda njiani. Nikasikia baridi, na jua lilikuwa bado linawaka.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kukuona unahesabu. Ukija nyumbani unatoa simu, unatazama kalenda. Nikadhani ni likizo. Kumbe ulikuwa unahesabu siku za kuwa mtoto wangu. Uliniambia mwenyewe: mtu akizidisha siku hapa, au akiwa na nyumba yake ya kukaa hapa, serikali yetu inamhesabu ni mkazi, na mkazi anadaiwa kodi hapa hata kwa mshahara wa huko. Nikasema sawa, mtoto amesoma, anajua.

Mpaka baba yako alipofariki.

Ulikuja siku hiyo hiyo ya msiba, sikatai. Ulilia, ulichimba kaburi na wenzako, ulinunua ng'ombe wa kuwalisha waombolezaji. Nilijivunia hata katikati ya machozi. Lakini unajua kwetu msiba hauishi mpaka siku ya kunyoa, na siku hiyo mtoto wa kiume mkubwa anakalishwa kwenye kiti cha baba yake, ndugu wanapita mmoja mmoja kumwamkia kama walivyokuwa wanamwamkia marehemu. Hapo ndipo nyumba inapojua haijafungwa. Ilibaki siku moja. Ukaja jikoni na begi.

"Mayu, siku zangu zimekwisha."

"Siku gani? Kesho tunanyoa."

"Nikilala hapa leo nimevuka. Nitadaiwa mwaka mzima."

"Kulwa. Ni baba yako."

"Najua, mayu."

Ulinishika mikono yote miwili, mikono yako ilikuwa ya baridi. Ukaondoka. Kesho yake kile kiti alikikalia baba yako mdogo, na watu walipokuwa wanapita kumwamkia kila mmoja alinitazama mimi kwanza. Nikawaambia kazi yako ni ya hatari, umeitwa kuokoa watu waliofukiwa. Nilisema uongo siku ya kunyoa, Kulwa. Tangu hapo nimekuwa nasubiri uongo huo uje unidai.

Uongo huo ulinidai mwezi wa nne. Nilikuwa naanika michembe ya viazi uwani, mtendaji akaja na watu wawili, mwanamume na mwanamke, mashati yamepigwa pasi, wana adabu kabisa. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, karibuni." Wakasema wanatoka kwenye mambo ya kodi, wanapita kwa wenye nyumba nzuri. Nyumba nzuri! Wewe unanijua. Hapo hata ungeniziba mdomo kwa gunia ningesema.

Nikawaambia hii ni ya mwanangu Kulwa, mhandisi, amejenga kwa pesa yake, bati la rangi, mnaona? Yule mwanamke akauliza kwa upole, "Kwa hiyo na yeye anakaa hapa?" Nikamjibu, "Sasa akae wapi tena? Huko aliko ni kazini tu. Kwake ni hapa." Nikawafungulia na chumba. Nikawaonyesha kitanda chako, chandarua chako, viatu, suti iliyotundikwa. "Anakuja mara kwa mara?" "Kila akipata nafasi! Huyu si wale watoto wanaosahau mama zao." Yule kijana akaandika. Nikawapa na michembe ya kwenda nayo. Wakashukuru, wakaniambia nimelea vizuri.

Hawakuniibia neno hata moja. Wao walifanya kazi yao na mimi nilifanya yangu, ya kukusifu. Wiki chache baadaye ukapata ule waraka kwamba wewe ni mkazi wa hapa, una nyumba, una chumba, na mama yako amethibitisha. Ulinipigia. Hukunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Ulisema tu, "Mayu, ungesema ni nyumba yako." Nikasikia umechoka kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali. Halafu ndiyo ikaja hii karatasi.

Sasa nikuambie huku kunakwendaje, maana simu zako ni fupi na mimi huwa nakuambia mazuri tu.

Zahanati yetu ilikuwa na watatu. Tabibu alivuka mpaka mwaka juzi. Yule nesi mwingine, mcheshi, aliyekuwa anakuita shemeji, amemfuata. Hawakufukuzwa na mtu. Waliona makato ya huko na makato ya huku, wakapiga hesabu kama yako. Amebaki Doto. Kodi yake inakatwa kabla hajauona mshahara, na hakuna nchi inayomgombea. Mwezi uliopita nilimpelekea chakula mchana nikakuta wanawake wawili wanajifungua kwa wakati mmoja, mmoja chumba hiki, mmoja chumba kile. Doto alikuwa katikati ya korido, anatazama huku, anatazama huku. Aliponiona hakunisalimia. "Mayu, nawa mikono, ingia kwa yule." Mimi! Muuza mchele! Niliingia. Nilimshika yule binti mkono, nikawa nasema maneno yoyote yanayokuja, nikimsikia Doto ng'ambo ya ukuta anasema sukuma, sukuma. Yule wangu alikuwa amekwama, Kulwa, kama Doto alivyokwama. Doto akaja mbio, glovu zimelowa. Mtoto akatoka, akachelewa kulia, nikahesabu pumzi zangu mwenyewe. Akalia. Nikamwambia Doto, "Amepona." Doto akaegemea ukuta akafumba macho.

"Safari hii," akasema.

Neno hilo halijanitoka. Kanisani nalisikia, sokoni nalisikia. Na sokoni kwenyewe ushuru wa gunia umepanda, nikiuliza naambiwa makusanyo mengine yamepungua. Yule mama anayekufulia huko, si uliniambia analalamika sabuni na mafuta vimepandishwa kodi? Nilikuwa nakusikiliza nikidhani ni habari ya mtu mwingine. Ni mimi yule. Huko wanawapunguzia nyie mnaoweza kushuka na kupanda basi jingine, na pengo wanalipeleka kwa yule asiye na basi jingine. Na huku nasikia redioni wanazungumza kwamba na sisi tushushe, wataalamu wetu warudi. Ningefurahi, si ndicho ninachoomba kila siku? Nimekaa na redio nikajiuliza: tukishusha, wale watashusha zaidi. Tutashusha tena. Mwisho itakuwa sifuri kwa wote, na bado mtakuwa mnaangalia kalenda. Tairi la akiba atanunua nani?

Sijasema umevunja sheria. Hukuvunja, najua, wewe hukuwahi hata kuiba embe. Na ningekuwa na miaka yako na ujuzi wako labda na mimi ningekwenda. Ninachoogopa ni kingine. Kila nchi inakupenda kwa sababu unaweza kuondoka. Siku utakapozeeka, magoti yakakataa kushuka mgodini, utakuwa huwezi kuondoka tena, na siku hiyo itakupenda ipi? Hii ya kwetu utakuwa umeiandikia kwa sahihi ya mama yako kwamba huna kwenu. Ile ya kwanza uliihama. Ya pili ulikuwa mgeni wa punguzo. Watoto wako hawajui Kisukuma, Kiswahili chao kimekatika katikati. Wakiulizwa baba yao azikwe wapi watafungua simu watazame ni wapi pana nafuu.

Nimekaa na hayo siku tisa. Doto aliniambia, "Mayu, msainie, ni kaka yangu, deni litammeza." Mama Masanja aliniambia nichane. Nilimwendea padri, akasema nisiandike uongo. Hapo ndipo akili ikanijia. Mimi nimeshasema uongo mmoja kwa ajili yako, siku ya kunyoa, na wa pili siuwezi. Lakini pia siwezi kukuacha ukiumia kwa sababu ya domo langu. Nimebaki na njia moja, ya kuifanya ile karatasi iwe kweli.

Jumatatu waliletewa nesi mpya pale zahanati, binti wa Kishapu, jina lake Nchambi. Alitafuta chumba akakosa, akasema akilala tena chini kwa mtu anaomba uhamisho. Doto alikuja kunieleza akiwa amekata tamaa. Nikamwambia mlete.

Nimempa chumba chako. Kitanda, chandarua, na kile kiti cha dirishani. Hanilipi, ila naona asubuhi wanatoka wawili na Doto, na sura ya mdogo wako imeanza kurudi. Suti yako nimempa baba yako mdogo, ya kuvaa kanisani, imembana kidogo tumboni. Viatu amechukua fundi bomba wa kijiji. Vyeti vyako nimekufungia kwenye bahasha hii hii, vitakufaa huko. Picha yako ya joho nimeiacha sebuleni, maana karatasi yako haikutaja picha. Shamba lile dogo la bondeni, ambalo baba yako alisema ni lako, nalo nimeliandikisha kwa Doto mbele ya mtendaji, na nyumba kwa jina langu, kama ulivyotaka niseme. Aliniuliza mara mbili, "Mama Kulwa, una hakika?" Nikamwambia agonge muhuri.

Kwa hiyo nimesaini. Sahihi yangu ni ile nzuri, yenye mkia. Wakikuuliza tena huko, au wakija tena hawa wa huku na mashati yao, watakuta kila neno ni kweli tupu. Huna nyumba hapa, huna chumba, huna mali. Lala usingizi, mwanangu. Sitakusifu tena kwa watu wa kodi. Kwa wengine sijaahidi.

Nitakuombea, nitakupikia, nitakutajia watu mpaka nife. Hayo hayakatwi. Ukipata siku njoo, hata ukizihesabu. Njoo mchana, upige hodi ukiwa nje, usifungue mlango mwenyewe kama ulivyozoea. Nikiwa sokoni atatoka Nchambi. Yeye hakujui. Atakuuliza wewe ni nani, na unamtafuta nani hapa.

Mjibu vizuri, ni mtoto wa watu.

Ni mimi niliyewabeba wawili kwa pamoja,
mama yako wewe, na mama wa Doto.